Bibi wa Shuka Jeupe

Kitabu chenyewe kilikuwa na maneno ambayo sikuweza kuyasoma hata moja, na labda ndiyo sababu nilikisoma kwa kujiamini namna ile. Nilikipata soko la Mlango Mmoja, kwenye rundo la midoli ya mitumba, siku niliyokwenda kutafuta kofia. Kilikuwa kimelala chini ya dubu asiye na jicho. Jalada gumu, pembe zimelika, na ndani picha kubwa kubwa za rangi: paka mweusi, bata, mbwa mnene, nungunungu mdogo, na katikati yao mtu mmoja amejitanda shuka jeupe kuanzia utosini mpaka chini, yanaonekana macho mawili tu. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache. Kiingereza cha kuombea maji ninacho, lakini hicho hakikuwa Kiingereza. Herufi nyingine zilikuwa na vitone viwili juu. Nikasema basi, mtoto wa miaka minne hajui kusoma, na mimi sijui kusoma, tuko sawa.

Mtoto ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa pekee. Mama yake anauza kwenye duka la vifaa vya umeme mjini, baba yake ni dereva wa malori, wiki hadi wiki yuko njiani. Wao wanakaa Buhongwa, mimi niko Ilemela, kule juu kwenye mawe. Kila Jumamosi asubuhi mama yake alikuwa anamleta kwangu kabla ya kwenda kazini, halafu anamfuata saa kumi. Siku nyingine sita nilikuwa sina mtu. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba. Miaka mingi nimefanya kazi kiwandani, nimesimama mezani na kisu, nakata minofu ya sangara, huku na huku watu wanapiga kelele kushinda mashine. Halafu nikastaafu. Halafu mke wangu akaondoka, na nyumba ikanyamaza. Nikawa naacha redio inaongea hata ninapokwenda chooni.

Nasema akaondoka. Ona, mpaka leo mdomo unakwepa. Wenzangu walianza kumwita marehemu siku ya tatu, hata matanga hayajaanuliwa. "Marehemu alipenda chai ya tangawizi." "Marehemu funguo za kabati aliweka wapi?" Nilikuwa nawaangalia tu. Mimi niliendelea kusema "mke wangu", kana kwamba ametoka kidogo kwenda kwa jirani.

Alikuwa mtu wa Ukerewe, muuza dagaa. Kukipambazuka tu anateremka ufukweni kuanika, kwenye nyavu na juu ya mawe. Sasa kuna majira ambayo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kutoka majini kama moshi. Wanaingia puani, wanaingia masikioni, ukifungua mdomo kumsalimia mtu umeshakula. Kwa hiyo alikuwa anajitanda shuka la kitandani, jeupe, anajifunika lote na kubakiza macho, na paka wa mtaa mzima wanamfuata nyuma. Nilikuwa namgombeza. "Wewe mwanamke, shuka la kulalia unalipeleka kwenye dagaa, halafu mimi nilale na harufu?" Ananijibu bila hata kugeuka: "Wewe unanuka sangara miaka ishirini, nani amekusema?"

Kwa hiyo Jumamosi ile ya kwanza, mjukuu wangu alipokaa mapajani, akaweka kidole juu ya yule mtu wa shuka na kuuliza, "Babu, huyu nani?", sikufikiri hata kidogo.

"Huyu? Si Bibi yako huyu!"

Alikuwa hamkumbuki. Bibi yake aliondoka yeye akiwa bado anajifunza kutembea. Alimjua kwa picha moja ya ukutani tu, ile ya kitambulisho iliyokuzwa, ambayo mtu ameambiwa asicheke. Akaitazama picha ya ukutani, akaitazama ya kitabuni. "Amejifunika kwa nini?" Nikamweleza habari za wadudu. Akaridhika. Mimi pia nikaridhika, tukaendelea.

Na kitabu kilikubali, jamani. Kila ukurasa ulikubali. Anga lilikuwa la bluu nzito na duara la njano limening'inia juu ya nyumba: nikasema alfajiri hiyo, jua ndiyo linatoka, Bibi anawahi dagaa. Kwenye picha moja alikuwa hajagusa ardhi: nikasema anaruka dimbwi. Kwenye nyingine nusu ya mwili wake iko ndani ya nyumba na nusu iko nje, katikati ya ukuta. Hapo nilikwama kidogo. Nikasema mchoraji amesahau kuchora mlango.

"Mchoraji mjinga," akasema mjukuu wangu.

"Mjinga kabisa, mchumba." Namwita mchumba, kama babu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao.

Mwanzoni wanyama walikuwa wanamkimbia yule mtu wa shuka. Paka juu ya kabati, bata chini ya meza. Nikasema wameiba dagaa wake, wanajua wamekosa. Mwishoni wote wanakaa naye kwenye ngazi, nungunungu amelala juu ya pindo la shuka. Nikasema Bibi amewasamehe. Alikuwa hivyo kweli. Anakufokea mpaka majirani wanatoka nje, na baada ya robo saa anakupakulia chakula.

Ila mtoto hawezi kukaa mbele ya mkubwa anamkodolea macho tu. Nilimfundisha kumwamkia. Tukifika ukurasa wa kwanza anaweka kiganja chake juu ya karatasi, anasema, "Shikamoo Bibi." Na mimi naibana sauti, naitikia alivyokuwa anaitikia mwenyewe. Mke wangu alikuwa anaivuta marahaba yake na kuipandisha mwishoni, na kabla hujasema neno la pili ameshakuuliza umekula. "Marahabaa. Umekula?" Hata mpita njia asiyemjua alimwuliza hivyo. Mjukuu wangu anajibu amekula uji, amekula ndizi, hajamaliza yai. Anamwambia yote.

Ikawa ndiyo Jumamosi yetu, miezi na miezi. Akivua viatu mlangoni, neno la kwanza ni "Babu, tumsome Bibi." Na nikiri jambo moja. Siku za katikati ya wiki nilianza kukifungua mwenyewe. Nikinywa chai ya asubuhi nakiweka mezani kwenye ukurasa ule wa ngazi, namweleza mambo: bomba limekatika, jirani amejenga choo karibu na ukuta wetu, goti la kushoto linauma. Sioni aibu. Au naona, lakini si sana.

Jumatatu moja binti yangu akaja peke yake, bado amevaa shati la kazini. Hakukaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mtoto mzima?"

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza. Ulikuwa mchoro wa mtoto. Mama yake mwenye nywele nyingi, baba yake na lori, mimi na kofia, na pembeni yangu kitu kama kengele kubwa, ndani hakikupakwa rangi, macho mawili. Akanieleza. Jana kanisani, mwalimu wa watoto amewaambia kila mmoja achore watu wa kwao. Wa kwetu akachora hiki. Alipoulizwa ni nini, akasema ni Bibi. Bibi anakaa kwenye kitabu kwa Babu, na kila Jumamosi tunamwamkia.

"Na anaitikia, Baba. Mtoto amesema mbele ya wenzake, Bibi anaitikia kwa sauti. Mwalimu ameniita nje. Nimesimama pale kama mwizi."

"Si mchezo tu wa mtoto?"

"Kiko wapi hicho kitabu?"

Nikakileta kwa furaha. Wallahi sina hata jina la kuita ujinga ule. Nilidhani ataona. Nilidhani atafungua ukurasa wa kwanza, ataliona shuka, atacheka, kisha atalia kidogo, nami nitamwekea chai. Akafungua kurasa mbili, akakifunga.

"Baba. Huu ni mzimu."

"Mzimu gani?"

"Mzimu! Wazungu wanachora mizimu hivi. Shuka jeupe, macho mawili. Ipo kwenye katuni, ipo kila mahali. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Angalia." Akakifungua tena, akaweka kidole juu ya picha. "Hajagusa chini, anaelea. Hili siyo jua, ni mwezi, usiku huu. Hapa anapita ukutani, Baba. Ukutani!"

Nikacheka, kwanza kwa kutokuelewa. Halafu hasira zikanipanda, na mimi hasira zangu hazibishi hodi. Mimi nimezaliwa Usukumani. Baba yangu alikuwa na kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, cha masamva, wazee wetu waliotangulia. Hao nawajua. Wanakuja ndotoni kudai pombe. Wanakuja kwa mtoto anayelia bila ugonjwa mpaka apewe jina lao. Siku nyingine nyoka anaingia ndani na watu wazima wanasema mwacheni. Lakini shuka? Tangu nizaliwe sijasikia aliyekufa amerudi amejifunika shuka. Watu wa Ulaya wakifa wavae wanachotaka, mimi ningejuaje?

Nilimwambia yote hayo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Akanisubiri nimalize.

"Kwa hiyo unamfundisha mwanangu matambiko."

Mimi! Mimi niliyekataa kwenda kwetu Magu kumwaga pombe ya babu yangu, ndugu zangu wakaninunia mwaka mzima, kwa sababu mama yake huyuhuyu alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka kusikia habari hizo. Nilimsikiliza mke wangu nikapoteza ndugu. Leo binti yake ananiambia matambiko. Nikasema maneno ambayo baba hamwambii mwanawe. Nilimwambia achukue kanisa lake na miguu yake, atoke nyumbani kwangu.

Alikunja karatasi taratibu, akairudisha mkobani. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mtoto haji hapa mpaka umwambie kwa mdomo wako kwamba huyo siyo Bibi. Na umwambie Bibi yuko wapi. Mimi nimejaribu, ananiambia sijui kitu, Babu ndiye anayejua."

Akaenda zake. Kitabu alikiacha mezani.

Jumamosi iliyofuata nilipika uji kama kawaida, nikidhani ni vitisho tu. Nikakaa juu ya jiwe la mbele ya nyumba, ambalo ukikaa unaiona njia yote mpaka chini. Walipanda watu wengi. Wanafunzi, mama wa mihogo, mafundi wawili na mlango mabegani. Uji ukaganda. Nikaula mwenyewe mchana, wa baridi, kwa hasira, mpaka sufuria ikabaki tupu.

Jumamosi ya pili sikupika. Nilipiga simu, akapokea, akasema wako salama. Nikasikia mtoto nyuma anauliza ni nani. "Ni mtu wa kazini," mama yake akamwambia. Nikabaki nimeshika simu imeshakatika. Mtu wa kazini, mimi.

Ya tatu nilikifungua kitabu. Nilikuwa sijakigusa tangu siku ile. Nilikaa mezani, nikavaa miwani, nikaanza ukurasa wa kwanza, na ndipo nikauona mzimu. Ulikuwa pale wakati wote. Mwezi ulikuwa mwezi. Nyumba ilikuwa imelala, taa zimezimwa, hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kuanika dagaa saa zile. Nilimtafuta mke wangu kwenye kila ukurasa, nikarudia, nikasogeza kitabu dirishani kwenye mwanga. Hayupo. Chini ya lile shuka hapakuwa na mtu. Nililia, mzee mzima na kitabu cha watoto mapajani, na redio inatangaza bei za pamba.

Nilipomaliza kulia nikakisoma upya, safari hii bila yeye. Kumbe hadithi ilikuwa ndogo tu. Kuna kiumbe kimefika kwenye nyumba ya watu, kila mmoja anakikimbia, na chenyewe hakina ubaya, kinatafuta pa kukaa. Mwishoni wanyama wanakizoea. Ni hayo tu. Nikakionea huruma. Kurasa zote zile, hakuna hata mmoja aliyekisalimia.

Nikapiga simu.

"Mlete Jumamosi," nikamwambia binti yangu. "Nitasema."

"Utasema nini?"

"Si uje usikie."

Walikuja mapema, ukungu bado umekaa ziwani. Binti yangu hakuondoka kwenda kazini. Alisimama mlangoni na mkoba begani, nusu ndani nusu nje, mkono kwenye fremu. Mtoto alivua viatu bila kufungua kamba, akaja mbio, akanikumbatia magoti, akakimbilia rafu.

"Babu, Bibi amenisubiri?"

Hapo nilitaka kughairi. Mungu ananiona. Nilitaka kumwambia amekusubiri sana mchumba, njoo tumwamkie, na mama yake afanye anachotaka. Lakini ningemkosa mtoto, na hilo nilikuwa nimeshalionja Jumamosi tatu. Nikazima redio. Nikamkalisha kwenye kiti chake, siyo mapajani, nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Mchumba, nisikilize. Huyu siyo Bibi. Babu alikosea."

Akanitazama kama mtu anayesubiri umalize utani. "Ni nani?"

"Ni mzimu. Wa hadithi tu. Mpole, hana ubaya na mtu." Nilimtupia jicho mama yake.

"Basi Bibi yuko wapi?"

Nilijua swali hilo linakuja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima, nikitembea humu ndani. Amesafiri. Amepumzika. Ametangulia. Kiswahili kina njia nyingi za kulizunguka, na nilizipita zote huku mtoto amenikazia macho, na mwisho wa zote neno lilikuwa palepale limekaa.

"Bibi amekufa," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa kinywani. Nilisikia binti yangu anavuta pumzi kule mlangoni.

"Alikufa wewe ukiwa mdogo sana. Tulimzika Magu, kwetu. Mama yako alilia, na mimi nililia. Hayupo kwenye kitabu, na haitikii tena. Aliyekuwa anaitikia ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa sauti ya Bibi?"

"Kwa sauti ya Bibi."

Alifikiri. Nilijiandaa alie, au anikasirikie, maana nilistahili. Hakulia. Aliinama juu ya kitabu, akamtazama yule wa shuka kwa muda, jinsi watoto wanavyomtazama mwenzao mgeni darasani.

"Huyu ni mkubwa au ni mtoto?"

"Sijui kwa kweli. Nadhani mkubwa."

Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, mahali palepale pa siku zote.

"Shikamoo," akasema.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikaufunga. Nilikuwa nimetoka kusema sasa hivi, mbele ya mama yake, kwamba sauti ile imekwisha. Mtoto hakuinua mkono. Alisubiri. Mtu akiamkia asipoitikiwa ni jambo zito, hata mtoto wa miaka minne analijua, na kadiri kimya kilivyozidi niliona kidevu chake kinaanza kucheza. Nikaangalia chini.

"Marahabaa. Umekula?"

Imetoka mlangoni. Sauti yenyewe, imevutwa vilevile, imepanda mwishoni vilevile. Sikugeuka mara moja, niliogopa. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, ameshtuka kuliko sisi, mkoba umemteleza mpaka kwenye kiwiko. Nadhani hakujua kwamba sauti ya mama yake anayo.

Mtoto aliduwaa, hakujibu. Ikabidi nijibu mimi.

"Bado," nikasema. "Tulikuwa tunakusubiri."